Amri Niliyoisahau Gerezani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Ilala hatujambo. Mguu wa babu yako umepona, ameanza tena kutusumbua.

Unauliza kama ni salama kuiachia seva ijihudumie yenyewe ukiwa mbali. Ngoja nikwambie.

Nilipokuwa binti, nilitunza seva ya duka la vipuri mtaa wa Gerezani, karibu na Kariakoo. Desemba bosi wangu, Mchaga, akafunga duka akaenda Moshi na familia yake. Nikaona nafasi ndiyo hiyo. Nikaandika programu ya kutoa watumiaji wote, kuiingiza mashine kwenye hali ya mtumiaji mmoja na kukagua diski. Jumapili nikaiwasha kutoka nyumbani, kwa laini ya simu, najiona fundi kwelikweli.

Ikatutoa sote, na mimi nikiwemo! Amri ya kuirudisha mashine katika hali ya kawaida sikuiandika. Ikabaki katika hali ile ile, haipokei laini ya simu, inangoja mtu aketi mbele yake, ndani ya duka lililofungwa, na Jumatatu tawi letu la Kariakoo lilikuwa linaitegemea.

Nikampigia bosi, nikamweleza yote. Akacheka.

"Ufunguo anao Mama Zuhura, muuza chapati wa hapo mbele. Tukienda kwetu, mtaa mzima tunamwachia yeye."

Mama Zuhura, mtu wa Lindi, akanipa ufunguo kwa mikono yenye unga. Nikaandika amri moja tu, mashine ikarudi. Nilikula chapati nne, Neema.

Kwa hiyo iachie tu. Ila anza kwa kuandika amri ya kurudi, kisha unitajie Mama Zuhura wako wa huko ni nani.

Bibi yako