Mabati Yanampika Mama Kristina

Kibondo mjini, kiangazi

Mdogo wangu Yustina,

Mwakeye huko Nyakitonto? Migongo bado inainama na kuinuka? Na shemeji yangu, yule ambaye tumbo humtangulia mlangoni, anapumua? Mpe salamu kabla hajalala tena.

Ujue kaka yako sasa ni bwana mkubwa. Nalala chini ya mabati mapya, yanang'aa hata ndege wanafumba macho. Haya, usiwaite majirani. Mabati ni ya Hamadi mwenye duka, mimi mpangaji tu, na chini yake hakulaliki.

Yustina, mji huu umekuwa chungu chenye mfuniko. Tulipofika, bondeni kulikuwa na nyasi za kifuani na miti mpaka mlimani, jioni unatafuta blanketi. Mimi fundi wa kuezeka nilikuwa mfalme. Kisha wakaja watu wa malori, wa maghala, wa biashara ya makambi ya wakimbizi. Sasa bonde lote ni nyumba zilizobanana, na miti imeishia kwenye matanuri ya tofali na chini ya masufuria yetu, langu likiwemo. Upepo ukija unagonga ukuta, unarudi zake. Ukitoka kidogo tu upande wa Mabamba unasikia ubaridi. Ukirudi, joto linakupokea kama mkwe mwenye hasira. Hata jua likizama, kuta bado zinapumua moto.

Kinachonitoa machozi ni wifi yako. Moyo unamsumbua, miguu imevimba. Alhamisi mchana alianguka jikoni. Nikammwagia maji. Alipofumbua macho akasema, "We mzee, unaosha maiti kabla haijafa?" Tukacheka. Halafu akasema polepole, "Nirudishe kwetu. Hapa ninaiva."

Kumrudisha siwezi. Mganga wa zahanati anasema lori litammaliza njiani kwa kumtikisa. Nimweke mahali penye ubaridi. Nikamwuliza, "Ni wapi huko, tuhamie wote?" Mwenyewe alikuwa anajipepea kwa kadi za wagonjwa.

Nikamwendea Hamadi, aniruhusu niezeke nyasi juu ya mabati yake. Akaruka. "Mzee Zakaria! Nimeng'oa nyasi nyumba ipendeze, wewe unairudisha porini? Watanicheka msikitini!"

"Watakucheka zaidi tukitoa jeneza humo ndani."

Jioni akaleta ngazi yake, akaiegemeza ukutani, akaondoka zake.

Basi ngazi ninayo, nyasi sina. Nimetembea mpaka magoti yakagoma. Kila nilipokuwa nakata pana nyumba, au pameungua, au pana mwenyewe na panga lake. Nimechoka, mdogo wangu. Nampepea kwa ungo, mkono huu ukifa nashika na ule, naogopa hata kusinzia.

Msalimie mama mkwe wako anayenidharau. Mwambie na mimi vilevile. Msalimie binti yetu Kristina, mwambie mama yake anamtaja kila siku. Usimwambie zaidi.

Sasa wewe. Mwaka jana nilikuezekea kihenge, ukaniahidi pombe ya ndizi, nikaondoka na koo kavu. Pombe mnyweshe shemeji. Mimi nikatie nyasi ndefu za bondeni kwako, funga mizigo, umpe dereva wa lori la maharage linalokuja huku Jumatano. Hata kama ni mbichi. Nitakuwa nimesimama barabarani.

Ni mimi kaka yako,
Zakaria