Mashine Aliyoisifu Melkizedeki

Singida Mjini,
14 Juni 1994.

Dada yangu mpendwa Asnath,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote hapo Misigiri. Mimi sijambo, ila kitambi kimezidi. Nikiingia mahali, chenyewe kinatangulia kusalimia.

Tangu karakana ya ushirika ifungwe nipo kwa Bwana Prabhudas, mwenye duka la vipuri, na sina la kumlaumu. Kanipa chumba changu chenye kufuli, akasema humo hakuna wa kunisumbua, nibuni nitakavyo. Ukimya wa humo, dada, hata wewe msemaji ungenyamaza.

Kule karakana kila kitu kipya kiliwekwa mezani saa ya uji, kila mtu akitafutie ubaya. Melkizedeki mhunzi alituzidi wote kwa ulimi. Mashine yangu ya kupura uwele aliuliza kama inapura au inabembeleza. Nikakasirika, nikaitengeneza upya. Akacheka tena, nikaanza tena. Ndiyo hiyo inayopura hapo kwenu hadi leo. Nilipohama nilibeba vyombo vyangu vyote, hadi tupa kuukuu, nikidhani ndivyo vilivyokuwa vikibuni.

Najua kikundi chenu kimekataa kuwauzia walanguzi alizeti kikisubiri mashine yangu ya kukamulia, na wewe ndiye uliyewashawishi akina mama. Sasa nikwambie kweli. Mashine ipo, lakini mafuta yote yanabaki kwenye mashudu. Nimebadilisha kila nilichoweza kuwaza. Dukani wanasema ni nzuri sana.

Juzi nikamwita Melkizedeki, ambaye siku hizi anachoma mkaa. Nilifurahi kama bwana harusi. Nikamchemshia uji, nikaiweka mashine mezani, nikasubiri matusi. Akaizunguka, akaipapasa, akasema ni nzuri, mzee Gasto. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama Bwana Prabhudas anatafuta mlinzi.

Hapo nikajua imekwisha. Hakuna aliyebaki wa kuniambia nimekosea wapi, na peke yangu sioni. Uzeni alizeti, dada, kwa bei yoyote mtakayopewa, kabla haijaliwa na wadudu. Waambie akina mama waninunie mimi, si wewe.

Msalimie shemeji na wote wanaoniulizia, kama bado wapo.

Ni mimi mdogo wako, fundi wa jina tu,
Gasto