Mwenyekiti Hakuwa Mvivu

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mwanao wa mwisho hawezi kuanza bila hiyo.

Tangu tukuzike tumevuna mahindi mara moja, na paka wako amebadilika. Ulimwita Mwenyekiti kwa sababu ukiinuka tu anakalia kiti chako, nawe unacheka na kwenda kukaa kwenye ndoo. Siku hizi kiti hakifikii. Alianza kushindwa kuruka juu ya ghala. Panya wanapita, yeye anawatazama tu. Nikasema mvivu huyu, amedekezwa na nyama ya msibani. Nikafanya ulivyotufundisha: "Paka akishiba, ghala linaliwa." Nikamnyima chakula ili awinde. Wiki mbili nzima, Baba, nilimfukuza jikoni kwa mwiko, naye anarudi, miguu ya nyuma imekakamaa, anatetemeka.

Siku alipoanguka kwenye kizingiti cha mlango ndipo nilipoona aibu. Nikamfunga kwenye kanga, nikampeleka kwa bwana mifugo. Alimkagua mpaka kucha. Akasema neva na misuli vinadhoofika polepole, ugonjwa wenyewe hauambukizi, na dawa ya kuponya hakuna. Kisha akaniuliza mbona amekonda hivi. Nikavuta kanga, nikamfunika mbavu.

Kaka Petro anataka tumtie kwenye gunia tumtupe mtoni, eti paka asiyewinda wa nini. Nikamwambia miezi yako ya mwisho, Baba, hukushika jembe, na hakuna aliyekunyima uji. Hajanisalimia tangu Jumapili. Sawa tu, njaa ikimuuma atanisalimia.

Na wewe nimekukasirikia. Ulijua mengi kuhusu mifugo, ila hili hukulijua, na mimi nikakufuata bila kumwangalia mnyama aliye mbele yangu. Kosa ni letu sote wawili.

Sasa namlisha uji wa maziwa na dagaa wa kuponda. Sahani nimeiweka juu ya tofali asihangaike kuinama. Kwa ajili ya ghala nimechukua paka mwingine kwa jirani. Huyo anakula kwanza, halafu anawinda. Na anawinda kweli, Baba.

Siku Mwenyekiti akishindwa kumeza, nitamwita bwana mifugo amchome sindano ya kumpumzisha, na nitamshika mwenyewe mpaka mwisho.

Lala salama, Baba yangu. Nakuahidi, kwenye nyumba yako hakuna atakayenyimwa chakula tena kwa sababu nguvu zimemwisha.