Naogopa Siku Mwanangu Atakaponiosha

Binti yangu Nahida, ninayekusoma gazetini kila Alhamisi, nisaidie kabla sijaondoka. Kwa miaka arobaini nimeficha kovu dogo nyuma ya sikio langu la kulia, hata marehemu mke wangu nilimwambia ni la jipu la utotoni. Kovu la mbele kila mtu hapa Basra analijua, kwani vita viliniondolea nusu ya taya, nikapasuliwa mara sita, wakaniundia taya jingine kwa mfupa wa nyonga, na mpaka leo ndevu hazioti upande huo, mate hunitoka bila habari, wali nasagiwa kama mtoto na sili mbele ya wageni, lakini uso huohuo ulinipa heshima, wanafunzi wangu wa jiografia walinyamaza nikiingia, harusini nawekwa mbele, na mwanangu Sarmad akaingia jeshini kwa kuutazama. Sasa mapafu yamekwisha, daktari anahesabu wiki. Juzi nilimwomba Sarmad, siku yangu ikifika, amwite muosha maiti wa kukodi. Akakataa. "Baba, uso huu hautashikwa na mkono wa mgeni. Nitakuosha mimi." Yeye ni mwanajeshi, majeraha anayasoma kama mimi nilivyosoma ramani, naye atakigeuza kichwa changu akimwagie maji, na hilo naliogopa kuliko kaburi lenyewe. Je, naweza kuusia asinioshe?

M., Basra

Ami yangu, pole. Kuusia waweza, hakuna wa kukukataza. Lakini umeniandikia habari za mate na wali, na jinsi ulivyolipata kovu la nyuma ya sikio hukuthubutu kuniambia hata mimi nisiyekujua. Unataka mwanao akaiulize maiti? Huo si uungwana, Ami. Siku ile ulikuwa na miaka mingapi, ishirini? Madaktari waliokushona waliliona jeraha hilo na hawakukunyima taya. Mwanao akiwa mkali kuliko wao, heri akufokee ungali unasikia. Mwite leo, si kesho. Ondoa wageni chumbani, vua kilemba, geuka, ushike mkono wake aguse. Kisha useme.

Jibu hili nilimpelekea nyumbani kabla ya kulichapa. Jumatatu ikarudi karatasi hii:

Binti yangu, mwandiko huu ni wa Sarmad, mkono wangu umegoma. Ameniambia niseme polepole asiache neno. Chapa na jina langu, Muhsin Abdul-Wahid. Siku ile wenzangu walibaki handakini. Risasi iliingia kwa nyuma. Nilikuwa nakimbia.