Panya Wetu Wanapona Haraka Mno

Niboye, Jumanne jioni. Mvua ya asubuhi imeacha ubaridi, na moyo wangu umekataa kutulia.

Majibu ya damu yametoka mazuri tena. Panya tunaowalisha mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji ya majani ya umuravumba, lehemu yao, yaani mafuta ya kwenye damu, imeshuka sana. Ya wenzao wanaokula mafuta matupu bado iko juu. Maabara nzima imeshangilia. Mimi nimenuna.

Siamini dawa inayotii hivi.

Kwanza nilimshuku Innocent, tunayepokezana zamu za kuwalisha. Siku hizi anachelewa kutoka, tena anapiga mluzi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikajiambia huyu anawapa chakula kingine ili profesa afurahi. Leo nimeenda mapema kumvizia, nikamkuta anabadilisha maranda vizimbani, basi. Kwa aibu nikashika kizimba kimoja kumsaidia.

Chini ya maranda kulikuwa na madonge ya chakula chetu, yamefukiwa. Kizimba cha pili, vilevile. Innocent amekuwa akiyatupa akidhani ni uchafu, nami nikiona vyombo vitupu naandika kwamba wamekula. Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Uchungu wa umuravumba bado ninao mdomoni.

Hawajapona. Wamegoma kula.

Wangekuwa panya peke yao ningecheka. Lakini yuko mama mkwe wangu, kule Nyamirambo. Tangu nimsimulie majibu ya kwanza ameweka kando vidonge vya lehemu alivyopewa hospitali, anachemsha umuravumba. Kila nikimkanya ananijibu kwamba hata panya wangu wanapona.

Nimempigia sasa hivi, nikamsihi arudie vidonge. Akanicheka.

"Dawa iko inafanya kazi, mwanangu. Hata magauni iko inanipwaya."

"Mama, unakula?"

"Chakula haipiti. Hii kitu iko chungu sana."

Nimeogopa. Nimeogopa kweli.

Kesho maabara itanisubiri. Napanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Nyamirambo, nimpikie ndizi na maharage, ameze vidonge nikimwona, kisha nikae mbele yake mpaka sahani iishe. Na akisema ameshiba, nitakagua chini ya mkeka.