Mitamba wa Baba Kulwa

Samuye, Jumanne usiku

Usingizi umenikataa, na wa kulaumiwa ni neno moja la Kiingereza: relinquish.

Hakimu Mzungu alilitumia leo kumhukumu jirani yangu Baba Kulwa, ambaye mitamba wake wawili walikutwa wakila majani katika msitu uliofungwa. Mimi, mwalimu niliyegeuzwa mkalimani, nikatafsiri: "Utaiachia Serikali mitamba wako." Akakubali upesi, tena kwa tabasamu. Nikajiona bingwa.

Jioni nikafungua kamusi. Asili yake Kilatini, kuacha nyuma. Hata herufi zake nimekuwa nikiwafundisha watoto kombo, ile q bila u yake. Na maana: kuacha moja kwa moja, haki yako ikiwemo.

Mara Baba Kulwa akaingia na kibuyu cha maziwa.

"Mwalimu, Serikali ina huruma! Itanichungia, maziwa inywe yenyewe, wakizaa nikawachukue."

Ndiyo desturi yetu Wasukuma: ng'ombe unamwachia rafiki awatunze, nao wanabaki wako.

"Ndama wa kwanza ni wako," akaniambia, "umenisemea vizuri."

Nami, msomi mzima, nikamshukuru tu: "Wabeja, Baba Kulwa."

Mitamba hao ni mahari ya kumwoza Kulwa mke. Askari wanawachukua kesho asubuhi. Akijua mapema anaweza kuomba kesi isikilizwe upya; wakishaondoka, basi tena.

Maziwa yake yako hapa mezani, sijayagusa. Nimesoma neno hilo mara ngapi sasa, kana kwamba litabadili...

Viatu vyangu viko wapi? Naenda kumgongea.