Mbegu Zilizorudi Baada ya Barafu

Temeke, 17 Agosti 1975. Mwaka wa kumi na nne tangu nivuke Ruvuma, na leo nimebanwa kwenye mabishano kwa kitabu changu mwenyewe cha mimea.

Kinasema barafu ilipofunika kaskazini ya dunia, mimea michache ilijihifadhi kwenye miamba iliyobaki wazi. Mingine ilitoweka huko, ikaendelea kuishi kusini tu. Barafu ilipoyeyuka, upepo na ndege wakarudisha mbegu.

Nilimsimulia binti yangu Atanasia. Kesho anahamia Mueda na mumewe na watoto wao, maana kwetu ng'ambo ya Ruvuma sasa ni huru, na anataka twende wote. Jioni, akifunga mizigo, akanigeukia.

"Baba, hata majani yamerudi kwao! Mizizi yako wewe ni mirefu kuliko ya majani?"

"Zilirudi mbegu, mwanangu. Mmea wenyewe ulizeekea ugenini."

"Aka! Mzee wewe hukosi neno."

Akacheka, kisha akalia. Sikujua nimshike mkono au nimwache.

Sikumwambia kwamba usiku namsikia marehemu mama akiniita kwa Kimakonde, kutoka kijiji chetu kilichoteketezwa na wakoloni. Naogopa nikifika nitazidi kumsikia, na mlango wa nyumba yetu wa kuingilia haupo tena. Na hapa amelala mama yake Atanasia. Nikiondoka, nani atamnyunyizia unga kaburini, nani...

Nimempa Atanasia unga wa mtama, akaunyunyize na kuwaomba wazee wetu waliotangulia, pale nyumba yetu iliposimama. Aende na watoto. Mimi sitarudi.